Nyaya za gari la kujijengea nyumbani: anza na masi

Gari langu lilianza na chasisi ya Land Cruiser FJ40 iliyokuwa imelala kwenye nyasi nyuma ya nyumba moja mtaa wa Himbi, Goma, haina bodi wala siti, ila injini yake ya 2F ya lita 4.2 ilikuwa bado imekaa mahali pake. Bodi nimeichomelea mwenyewe uani, mabomba na mabati. Kuchomelea kulinipa raha. Kazi ya nyaya ndiyo iliyonipa somo, na ninaandika mwongozo huu ili wewe unayejenga gari lako hapa Goma, au Bukavu, au popote penye barabara kama zetu, usilipie somo hilohilo.

Mara ya kwanza nilivuta nyaya zote kwa wiki tatu. Siku ya nne ya kuendesha, karibu na mzunguko wa Chukudu, moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya dashibodi. Waya mmoja mwekundu, uliotoka kwenye betri moja kwa moja kwenda kwenye swichi ya ufunguo, ulikuwa umepita kwenye tundu la bati bila raba na bila fyuzi. Mtikisiko ukausugua mpaka shaba ikagusa bati. Mdogo wangu aliruka na spana kulegeza kichwa cha betri, lakini kabla hajamaliza waya ule ulikuwa umeshayeyusha ganda la nyaya kumi na moja zilizofungwa pamoja nao. Nikang'oa kila kitu. Njia niliyofuata mara ya pili ndiyo hii.

Kwanza tuelewane maneno. Nitasema demareri kama tunavyosema gereji, yaani stata, mota inayoamsha injini. Masi ni njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chasisi na bodi. Moto ni umeme wa upande wa chanya. Kosi ni kile kichwa cha shaba kinachobanwa kwenye ncha ya waya.

Na tuelewane kuhusu mji wetu. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na leo tunaendesha juu yake. Mawe hayo yanatikisa gari mfululizo, na vumbi lake jeusi ni kali, linasugua kama msasa. Nyiragongo inatoa gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua inakuwa asidi hafifu. Ongeza unyevu wa ziwa. Shaba iliyo wazi hapa inageuka kijani haraka. Kwa hiyo kuna adui wawili, mtikisiko na kutu, na karibu kila ninachosema hapa chini ni dawa ya mmoja wao.

Hatua ya 1: Kalamu kabla ya koleo

Maliza kuchomelea kabla hujaleta waya hata mmoja. Ukilazimika kuchomelea baadaye, toa vichwa vyote viwili vya betri na uchomoe alternata (kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka), la sivyo umeme wa mashine utaua diodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

Kisha chukua karatasi kubwa. Andika kila kitu kitakachokula umeme na wati zake, ugawanye kwa 12 upate ampea. Taa kuu mbili zenye globu za aina ya H4, zikiwa kwenye mwanga wa juu, zinakula wati 60 kila moja. 120 kwa 12 ni ampea 10. Globu ya breki ni wati 21, yaani ampea 1.75. Fanya hivyo kwa honi, waipa, indiketa, feni, redio. Usikisie, wati zimeandikwa kwenye kitako cha globu.

Ampea ndizo zinazokuchagulia unene wa waya. Mimi nimeshika vipimo hivi, vyote ni milimita za mraba: 1 kwa taa ndogo na za dashibodi, 1.5 kwa indiketa na breki, 2.5 kwa taa kuu na honi, 6 kwa waya unaolisha sanduku la fyuzi, 16 kutoka alternata kwenda betri, na 35 au zaidi kwa demareri. Usione ni ubadhirifu. Waya wa 0.75 wenye urefu wa mita 4, ukibeba ampea 10, unapoteza karibu volti nzima njiani. Globu ya nyuzi ikikosa volti moja kati ya 12, mwanga wake unapungua kwa karibu robo. Watu wengi wananunua globu kubwa zaidi wakati ugonjwa uko kwenye waya. Kwa 2.5 hasara hiyo inashuka hadi kama volti 0.3.

Fyuzi inalinda waya. Hailindi taa. Ukishalishika hilo, hutaweka tena fyuzi ya 30 kwenye waya mwembamba ati kwa sababu ile ya 10 "inaungua sana". Ikiungua sana, kuna mahali waya unapiga shoti. Taa kuu nimezipa kila upande fyuzi yake ya ampea 10, ili moja ikiondoka nisibaki gizani.

Rangi nazo zipange mapema. Toyota hutumia nyeupe yenye mstari mweusi kwa masi, na mimi nimeuheshimu utaratibu huo kwa sababu fundi yeyote atakayefungua gari hili baadaye atautambua. Kama huna rangi za kutosha, andika namba kwenye ncha zote mbili za kila waya, namba hiyohiyo kwenye mchoro, halafu ivike mpira mwangavu wa kusinyaa kwa moto isifutike. Mchoro wangu uko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gari mpaka leo.

Hatua ya 2: Kuchagua waya

Ukienda Birere utaonyeshwa waya wa kila bei. Beba kisu kidogo. Kwangua uzi mmoja wa ndani: ukiwa mwekundu mpaka moyoni ni shaba, ukigeuka mweupe ni alumini iliyopakwa shaba, iache. Alumini inabeba umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule, inakatika upesi, na hapa kwetu kutu inaila kutoka ndani usijue.

Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiuguse hata kama umepewa bure. Ukutani hautikisiki, kwa hiyo unadumu. Kwenye gari utakatika ndani ya ganda lake, na utatafuta hitilafu hiyo wiki nzima kwa sababu kwa macho waya ni mzima. Unataka waya wa nyuzi nyingi nyembamba.

Kama umepewa nyaya za gari lililovunjwa, angalia usukani wake ulikuwa upande gani. Magari mengi yanayotufikia kupitia Uganda yana usukani kulia, na fungu lake la nyaya limekatwa kwa mpangilio huo. Ukilihamishia kwenye gari la usukani kushoto, upande mmoja utakuwa mfupi, na utajikuta unaunga ovyo. Mimi nilichukua soketi zake na kosi zake nzuri, nyaya nikaziacha.

Hatua ya 3: Kufufua vifaa vya zamani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi inapotea. Mtu anatupa demareri ya asili ya Nippondenso, chuma kizito kilichofanya kazi miaka arobaini, ananunua mpya ya bei rahisi inayokufa kabla ya mwaka. Mara nyingi ile ya zamani ilihitaji saa mbili tu za mezani.

Demareri yangu ilikuwa inalia "ta!" mara moja, injini haizunguki. Betri ilikuwa na volti 12.6, yaani imejaa. Nikaishusha. Aina yangu ni ile yenye gia ya kupunguza mwendo, na ukifungua kifuniko cha solenoidi (swichi yake ya sumaku) unakuta vipande viwili vya shaba vyenye umbo kama la herufi L, na pete nene ya shaba inayokuja kuviunganisha. Kipande kimoja kilikuwa kimechimbika kama kijiko, cheche za miaka zimekila, na pete haikifikii tena. Upande wa pili wa pete ulikuwa mzima kabisa, haujawahi kuguswa. Nikaigeuza. Vile vipande nikavitengeneza upya kutoka kwenye bapa la shaba nene, kwa msumeno na tupa, nikavipima na vya zamani mpaka vikalingana.

Ukiwa umefungua, angalia kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Zikiwa fupi, au zimekwama kwenye nyumba zake kwa vumbi, badilisha au safisha. Komuteta, lile duara la vipande vya shaba linalosuguliwa na kaboni, lisafishe kwa msasa laini wa 400. Usitumie kitambaa cha msasa wa emeri, kwani chembe zake zinapitisha umeme na zikibaki kwenye mifereji zinaunganisha kipande na kipande. Mifereji hiyo iwe chini ya shaba kwa milimita 0.5 hivi, kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika kinaikwangua vizuri. Gia ipake grisi kidogo sana. Kabla ya kuirudisha kwenye gari ijaribu chini, imebanwa kwenye jiliwa. Usiishike kwa mkono: ikiamka inaruka.

Alternata ni rahisi zaidi. Kaboni zake zikibaki chini ya milimita 5 weka nyingine. Diodi zipime kwa multimita (kipimo cha umeme), kila moja ipitishe upande mmoja tu. Beringi zizungushe kwa kidole karibu na sikio. Zikikwaruza, badilisha, hazina bei kubwa.

Swichi na soketi za taa zilizogeuka kijani zitumbukize kwenye maji ya ndimu yenye chumvi kwa dakika kumi na tano, usugue kwa mswaki wa zamani, uzioshe kwa maji yenye magadi kidogo kuua asidi, halafu maji safi, kisha uzikaushe juani kabisa. Hatua ya magadi usiiruke. Niliiruka kwenye soketi ya taa ya nyuma na ikarudi kuwa kijani kabla ya mwezi kwisha.

Vibebeo na boliti zilizoliwa na kutu nimezisafisha kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji, vijiko vichache vya magadi ya kufulia, na chaja ya betri. Kifaa chako kinafungwa kwenye hasi, kipande cha chuma cha kutupa kwenye chanya, visigusane. Acha usiku mzima, nje ya nyumba, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni na haidrojeni inalipuka. Kwenye chanya usiweke chuma cha pua, kinatoa sumu ndani ya maji. Na usitumbukize alumini, italiwa.

Hatua ya 4: Masi kwanza

Papa mmoja fundi wa umeme wa Majengo, aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua, alikuja kuona gari langu baada ya ule moshi. Hakuuliza kuhusu nyaya zangu za moto. Aliuliza, "Mwanangu, umeme wako unarudi wapi?" Sikuwa na jibu.

Injini imekaa juu ya raba. Bodi yako nayo pengine umeikalisha juu ya raba, na mabomba yake umeyapaka rangi. Raba na rangi hazipitishi umeme. Kwa hiyo ni lazima ujenge njia ya kurudi kwa mkono wako: waya mnene kutoka hasi ya betri kwenda kwenye injini yenyewe, mwingine kutoka injini kwenda chasisi, na wa tatu kutoka chasisi kwenda bodi. Ukiusahau ule wa injini, umeme wa demareri utatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni kebo ya mafuta au ya spidomita. Kebo inakuwa nyekundu kwa moto.

Kila mahali pa masi fanya hivi: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka kosi, washa (ile pete ya chuma) yenye meno, boliti, kaza, halafu ndipo upake vaselini juu ya vyote. Vaselini inakuja baada ya kukaza. Kazi yake ni kuzuia mvua. Taa za nyuma usizitegemeze kwenye bati zilikofungwa. Zivutie waya wake wa masi hadi kwenye chasisi.

Utajuaje masi ni mbovu? Ukiwasha indiketa ya kulia na taa ndogo ya nyuma nayo ikapepesa kwa unyonge, ni masi. Taa kuu zikififia ukipiga honi, anzia masi. Pima hivi: taa ikiwa inawaka, ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha soketi. Isizidi volti 0.1. Yangu ya nyuma kushoto ilisoma 1.4, na nilikuwa nimeshabadilisha globu mbili bure.

Hatua ya 5: Fyuzi na rilei

Fyuzi kuu ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, chini ya sentimita 20. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Demareri peke yake ndiyo inayokwenda bila fyuzi, kwa hiyo waya wake uvike bomba na uufunge mbali na chuma chenye ncha.

Taa kuu, honi na feni zipite kwenye rilei, yaani swichi inayoamrishwa kwa umeme mdogo. Swichi ya zamani haikuumbwa kubeba ampea 10 kila usiku. Ikiamrisha rilei inabeba chini ya robo ampea. Namba zilizo chini ya rilei ni zilezile karibu kila mahali: 30 ni moto kutoka fyuzi, 87 ni kwenda kwenye taa, 86 ni amri kutoka swichi, 85 ni masi. Zifunge rilei miguu ikiangalia chini, maji yasikae ndani.

Hatua ya 6: Kuvuta, kubana, kufunga

Vuta nyaya zote kwa kamba kwanza. Yaani kata kamba ya kawaida, ipitishe njia nzima ya waya, ukijua urefu ongeza sentimita 15, ndipo ukate waya wa kweli. Kila tundu la bati liwe na raba. Kama huna ya dukani, kata ya tairi la ndani, mikunjo miwili, uifunge kwa uzi.

Je, kubana au kulehemu kwa risasi? Ninabana. Risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya kijiti kigumu, na pale kijiti kinapoishia ndipo mtikisiko unapokatia. Lakini kubana kuna masharti: koleo la kubania kosi lenyewe, si playa. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu ya mkono. Kosi ikitoka, afadhali imetoka mezani. Kisha mpira wa kusinyaa, ule wenye gundi ndani kwa nyaya zote za nje.

Funga fungu kila sentimita 20 hivi, na lifuate chasisi upande wa ndani, mbali na ekzosi. Utepe wa kitambaa ni bora kuliko wa plastiki. Gundi ya plastiki inayeyuka kwa joto la injini na baada ya miezi mikono yako yote inanata.

Hatua ya 7: Umeme wa kwanza

Usiunge betri moja kwa moja. Chukua globu ya wati 21 yenye nyaya mbili, uiweke kati ya chanya ya betri na waya mkuu. Zima kila kitu. Globu ikae kimya. Ikiwaka kwa mwanga wote kuna shoti, na hakuna kitakachoungua kwa sababu globu inaubana umeme usizidi ampea mbili. Chomoa fyuzi moja moja. Ile inayoizima globu ndiyo yenye ugonjwa. Mara ya pili nilipowasha gari langu globu iliwaka, na nilikuwa nimefunga nyaya za honi kinyume. Nilirekebisha kwa dakika tano.

Globu ikikaa kimya, unga betri, washa kitu kimoja kimoja ukifuata orodha yako. Kisha amsha injini upime kwenye vichwa vya betri: volti 13.8 hadi 14.5. Chini ya 13 alternata haichaji. Juu ya 15 inaipika betri, zima mara moja.

Hatua ya 8: Taa, na kile kinachokula betri usiku

Taa kuu zilizotoka kwenye gari la usukani kulia hazifai hapa, hata ziking'aa. Mwanga wake wa chini umeumbwa kupanda kuelekea kushoto, kwenye ukingo wa barabara ya huko. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka dereva mwenzako, na mtu wa chukudu (kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), na mama anayerudi sokoni. Tafuta kioo cha magari ya usukani kushoto. FJ40 ina taa za duara za inchi 7, kwa hiyo hazikosekani.

Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, mtu mmoja akiwa kwenye siti. Weka alama ukutani kwa urefu wa katikati ya taa. Mwanga wa chini ukatike sentimita 5 hivi chini ya alama.

Asubuhi inayofuata, kabla ya kuamsha, toa kichwa cha hasi na uweke multimita, kwenye kipimo cha ampea, kati ya kichwa na betri. Gari la zamani lisilo na redio linapaswa kusoma karibu sifuri; lenye redio lisizidi miliampea 50. Ikizidi, rudi kwenye mchezo wa kuchomoa fyuzi moja moja.

Baada ya kilomita 500 pita na spana boliti zote za masi, vichwa vya betri, na nati ya nyuma ya alternata. Kwenye gari langu zote zilikuwa zimekaa, isipokuwa hiyo nati ya alternata: mtikisiko ulikuwa umeilegeza nusu mzunguko. Nimeiwekea washa ya springi.